Mdoli wa kufundishia kukata na kutunza kitovu cha kichanga: mnatumia upi, wa kununua au wa kutengeneza?

mwalimu_vitendo

Habari zenu wadau. Nafundisha ukunga upande wa vitendo na kuna jambo linaniumiza kichwa muda sasa, naombeni tusaidiane.

Kwenye chumba chetu cha mazoezi tuna mdoli mmoja wa kichanga, plastiki ngumu, na kitovu chake ni mpira mmoja mnene mkavu usio na kitu ndani. Umekatwa ukaungwa na plasta ukakatwa tena ukaungwa mpaka umebaki kipande kama kidole. Mwanafunzi anakuja, ananawa, anavaa glavu, anabana klampu (kibanio cha kitovu) ya kwanza vidole viwili kutoka tumboni, ya pili vidole vitano, anaigiza kukata katikati, anasema "nimeangalia damu, hamna", namwekea tiki, aje mwingine. Sasa damu itatoka wapi kwenye mpira mkavu? Hata angefunga uzi umelegea kabisa bado angepata maksi zote.

Wakienda wodini ndo naona. Juzi kati binti mmoja anayefanya vizuri sana darasani alifunga kitovu kwa uzi, akamfunika mtoto vizuri akamrudisha kifuani kwa mama, baadaye mkunga wa zamu anafunua akakuta kitambaa kimelowa damu. Kilifungwa tena haraka na mtoto hakupata shida, tunashukuru, lakini yule binti alilia mpaka macho yakavimba na mimi nimebaki na swali, maana tiki ya "amefunga sawasawa" niliiweka kwa mkono wangu.

Alafu kuna la pili ambalo naona ni zito kuliko hata hilo la kukata. Mama akiuliza "mbona hiki kitovu kina majimaji ya njano hapa chini, ni kawaida au ni usaha?" wanafunzi wanabaki wanatazamana. Siwezi kuwalaumu, kwenye mdoli wetu kila siku ni siku ya kuzaliwa, kitovu hakijawahi kufika siku ya tatu wala ya saba.

Sasa naulizia, ninunue mdoli wa namna gani, au nitengeneze mwenyewe? Na wale mnaotengeneza, kipi hasa kinafanya kazi na sio kupendeza tu kwenye picha?

---

fundi_wa_mazoezi

Pole sana mwalimu, na asante kwa kusema wazi hilo la tiki, wengi tunapita nalo kimya.

Mimi kifaa chochote cha mazoezi nakipima kwa swali moja tu, mwanafunzi akikosea kitamjulishaje kabla mwalimu hajafungua mdomo? Mpira wako haumjulishi chochote. Kwahiyo kabla ya kununua kitu ningeanza na kitovu chenyewe, mdoli ulionao unatosha kabisa, toboa tundu pale kwenye kitovu upachike vitovu vya kubadilisha.

Navyotengeneza mimi ni hivi. Kiungamwana cha kweli, yani kamba ya kitovu yenyewe, kina mishipa mitatu, miwili ya ateri ambayo ni myembamba na mmoja wa veni ambao ni mpana, vyote vimezungukwa na ule ute mzito unaoitwa jeli ya Wharton. Huo ute ndo unafanya kitovu kiteleze na kinenepe chini ya uzi, ukiukosa huo umekosa somo zima. Kwahiyo ndani naweka maputo matatu marefu membamba, yale ya kusokota, mawili nayapunguza upana kwa gundi na moja naliacha, nayazungushia ukanda wa sponji uliolowekwa jelatini laini, alafu yote naingiza ndani ya kondomu. Msicheke, kondomu ina ule weupe weupe na inateleza kwenye glavu vilevile kama kitovu kibichi, na urefu wake unatosha kupima vidole viwili na vidole vitano na bado ukabaki na pa kushika. Kiungamwana chenyewe kwa mtoto aliyetimiza miezi kina kama sentimita 50 hivi lakini kwa zoezi hili huhitaji yote.

Usitumie mpira wa dripu kama mshipa. Nilitumia mwanzoni, ni mgumu, hata ufunge kwa nguvu zako zote hauzibi, mwanafunzi anaonekana kakosea wakati kosa ni la kifaa. Hiyo inaharibu imani yao kwa mazoezi yote.

Alafu presha. Puto moja liunganishe kwa ndani ya tumbo la mdoli na chupa ya dripu yenye maji ya rangi nyekundu, itundike kwenye stendi. Hapa ndo wengi wanakosea, wanaitundika juu kabisa. Kila sentimita moja ya maji ni kama milimita 0.74 za zebaki (kipimo cha presha ya damu), kwahiyo ukiweka uso wa maji sentimita 60 juu ya kitovu unapata kama 44, ambayo iko karibu na presha ya wastani ya kichanga aliyetimiza miezi. Ukiiweka mita mbili unamfundisha mtu kufunga bomba la maji.

Mwanafunzi akifunga vizuri anakata, upande wa mtoto unabaki mkavu. Akilegeza, tone la kwanza linakuja baada ya sekunde chache, la pili, la tatu, na huhitaji kusema neno. Anajua mwenyewe.

---

mwalimu_vitendo

Fundi hapa umenifungua macho. Swali, uzi na klampu vyote vinafanya kazi kwenye hicho kitovu chako? Maana yule binti alitumia uzi na fundo lake kwa macho lilikuwa zuri tu.

---

fundi_wa_mazoezi

Vyote. Na umegusa jambo ambalo mimi lilinichukua muda kulielewa. Fundo linaweza kuwa zuri saa lile na likalegea baadaye bila mtu kuligusa, kwasababu ule ute unapoteza maji kitovu kinasinyaa ndani ya uzi. Klampu ya plastiki yenye meno inang'ang'ania, uzi ukishafungwa umefungwa pale pale.

Hili unaweza kulionesha. Asubuhi mwanafunzi afunge kitovu chenye sponji lililojaa maji, hiki usikivishe kondomu ili kikauke, kiache wazi kwenye meza chupa ikiwa imefungwa koki, mchana arudi afungue koki. Sponji limekauka limepungua, uzi unacheza, damu inatoka. Pale pale mfundishe hatua inayofuata, kitovu kikivuja usifungue fundo la kwanza, weka fundo lingine kati ya lile la kwanza na ngozi ya tumbo. Na kwamba kuangalia damu sio tukio la mara moja unaloweka tiki, unarudi tena na tena kwenye yale masaa ya mwanzo.

---

nesi_vichanga

Nimesoma yote nimefurahi sana, naomba niongezee upande wangu maana mimi nawapokea hawa watoto wakirudi na vitovu vilivyoharibika.

Mwalimu kile ulichosema kwamba mdoli wako kila siku ni siku ya kuzaliwa, hapo ndo pameoza. Kukata kitovu ni dakika chache na mara nyingi kuna mkubwa pembeni anasimamia. Kinachofuata ni siku nyingi nyumbani ambapo mama yuko na macho yake tu na yale maneno uliyomwambia akitoka. Kitovu kwa kawaida kinadondoka kati ya siku ya 5 na ya 15, hesabu wenyewe ni mara ngapi mama atakiangalia akiwa na wasiwasi.

Sisi tulitengeneza vitovu vya siku tofauti tofauti tukavipanga kwenye trei, na kila kimoja kina kipande chake cha ngozi ya tumbo ya silikoni kinachobandikwa juu ya mdoli. Kibichi, cheupe chenye ubluu na kung'aa. Cha siku ya pili au ya tatu, kimeanza kuwa kahawia na njano, kimelegea, na pale kinapokutana na ngozi kuna utelezi telezi. Cha karibu wiki, cheusi, kikavu, kigumu kama kijiti, kimeshikiliwa na upande mmoja tu (hiki ndo watu wanatamani kukivuta, na hairuhusiwi kuvuta kiache kidondoke chenyewe). Kilichodondoka, kuna kidonda kidogo chenye tone moja au mawili ya damu. Hivyo vyote ni VYA KAWAIDA. Ule utelezi wa njano pale chini ni mwili unakitenganisha kitovu na ngozi, seli nyeupe zinafanya kazi yake. Mwanafunzi asiyewahi kuuona atauita usaha na atamtisha mama bure, au mbaya zaidi atamzoesha kwamba kila cha njano ni kawaida na siku usaha ukija kweli mama anatulia nyumbani.

Alafu vile vya ugonjwa. Kimoja chenye usaha unaotoka na ngozi ya pembeni imevimba na uwekundu unaotambaa kwenda tumboni. Kingine kimeshadondoka lakini kimeacha kinyama kidogo chekundu kilicholowa ambacho hakikauki, hicho sio cha kukimbia usiku ila kinatakiwa kuonwa. Na kimoja ambacho zaidi ya wiki tatu hakijadondoka, nacho kionwe.

Tunavichanganya hatuwapi kwa mpangilio. Mwanafunzi anafunika macho, tunabandika kimoja, anafungua, anaambiwa "mtoto huyu ana siku nne, mama anauliza kama hali hii ni sawa, mjibu". Hapo lazima aangalie, aguse, aulize mtoto ananyonya vipi, ana joto, analala kupita kiasi, anapumua haraka. Pumzi 60 au zaidi kwa dakika, kukataa kunyonya, degedege, mwili kuwa wa moto au wa baridi, hapo hata kama kitovu chenyewe kinaonekana kidogo tu mtoto anakwenda hospitali sasa hivi, kwasababu mshipa wa kitovu ni njia iliyonyooka kuelekea kwenye ini na damu.

Jambo la mwisho na hili naomba mlichukue kwa uzito. Midoli mingi ya kununua ni ya rangi ya waridi, na picha nyingi za kufundishia ni hivyo hivyo, ngozi nyeupe yenye duara jekundu kali. Kwenye ngozi nyeusi uwekundu hauonekani hivyo, unaonekana kama ngozi imekuwa nyeusi zaidi au ina rangi ya zambarau, wakati mwingine unaona inang'aa tu imevutika. Wanafunzi wanasubiri kuona nyekundu na hawaioni kamwe. Kwahiyo tengenezeni ngozi za rangi zote, na chini ya ile ya ugonjwa wekeni kifuko kidogo cha maji ya moto kiasi ili mkono ukipita uhisi joto na ugumu. Vidole vinagundua kabla ya macho.

---

mama_pacha

Mimi sio mtaalamu niko humu nasoma tu ila nimeshindwa kupita bila kuandika.

Wakati nawatoa wangu hospitali niliambiwa neno moja, "kiweke kikavu". Basi. Usiku wa nne nikifungua nepi ya mmoja nikakuta huo utelezi wa njano anaoongelea nesi hapo juu na nepi imekigusa kimelowa mkojo, niliwaamsha watu wote. Nilikisafisha kwa spiriti mara sijui ngapi maana nilihisi kikavu ni kukiunguza mpaka kikauke. Hakuna aliyewahi kunionesha kwamba nepi inakunjwa chini ya kitovu. Kunionesha, sio kuniambia, niliambiwa mambo ishirini siku ile na sikumbuki hata matano.

Kama kuna midoli hiyo yenye vitovu vya siku tofauti kwanini isiletwe wodini tukaishika sisi wenyewe kabla ya kwenda nyumbani? Ningefunga nepi mara moja kwenye mdoli mkiwa mnaniangalia ningejua. Ningeona cha siku ya nne ningelala.

---

nesi_vichanga

Dada pole kwa usiku ule, na umesema kitu kikubwa kuliko vyote vilivyoandikwa humu. Nalichukua naenda nalo kazini. Na kwa faida ya wengine wanaosoma, anaposema kukunja nepi ni kwamba ukingo wa juu unakunjwa kwa nje ukae chini ya kitovu, kitovu kibaki nje kinapata hewa, juu yake nguo safi iliyolegea tu. Kikichafuka mkojo au kinyesi kinaoshwa kwa maji safi na sabuni kinakaushwa kwa kitambaa safi, mikono ikiwa imenawa kabla na baada. Kuogesha mtoto subiri angalau masaa 24 baada ya kuzaliwa. Spiriti ya kila saa haihitajiki.

---

mwalimu_vitendo

Mama pacha asante sana, nimekusoma mara mbili.

Sasa hapo kwenye kupaka naomba nisaidiwe maana wanafunzi wangu wamegawanyika kabisa. Kuna waliofundishwa kila kitovu kinapakwa klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu), kuna waliofundishwa hakipakwi kitu. Kwenye zoezi niweke chupa ya dawa au nisiweke?

---

dkt_watoto

Wote wamefundishwa kitu kilichowahi kuandikwa, ndo maana wanabishana. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2013 ulisema klorheksidini ya asilimia 4 ipakwe kila siku wiki ya kwanza kwa watoto waliozaliwa nyumbani kwenye maeneo ambako vifo vya vichanga ni 30 au zaidi kwa kila vizazi hai 1,000, na wengine wote kitovu kiwe safi na kikavu tu. Mwongozo wa 2022 ukabadilisha kigezo, sasa msingi ni kitovu safi na kikavu kwa wote, klorheksidini inabaki kwa mazingira ambako watu wana kawaida ya kupaka vitu vyenye madhara kama kinyesi cha wanyama. Yani inafanya kazi ya kuchukua nafasi ya kile kibaya. Na kile kibaya ndo kinaleta pepopunda, hilo msiliache nyuma kwenye somo.

Kwahiyo mimi ningeiweka chupa mezani lakini kama mtego wa kufikiri. Mazingira mawili tofauti, kwenye moja inahitajika kwenye lingine haihitajiki, mwanafunzi aamue na aseme sababu. Na fundisheni hili kwa nguvu zote, dawa hiyo kuna watoto wameumia macho vibaya kwasababu ilidhaniwa ni ya matone ya macho. Weka chupa mbili zinazofanana kwenye trei, moja ya macho moja ya kitovu, uone nani anasoma lebo. Asiyesoma arudie zoezi lote tangu kunawa mikono.

Fundi, naomba nirekebishe kidogo hapo kwenye presha yako. Hesabu iko sawa ila kwa mtoto wa kweli ateri za kitovu hujibana zenyewe baada ya kuzaliwa, kwahiyo kitovu kilicholegezwa hakivuji kwa kasi kama chako. Kwa mazoezi siyo mbaya kifaa kiwe kikali kuliko uhalisia, lakini waambieni, wasije wakaona kitovu cha kweli hakivuji sasa hivi wakaamini fundo limekaza. Huo mvujo wa taratibu chini ya kitambaa ndo uliompata yule binti.

Na jingine, kuna wanaofanya mazoezi kwa vitovu vya kweli baada ya mama kujifungua, hasa kufundisha kuingiza mpira kwenye veni ya kitovu wakati wa dharura. Kwa hilo la dharura hakuna kinachofanana nacho, utelezi wake na ile veni pana inayopwaya huwezi kuiga kirahisi. Ila ni damu ya mtu, ina hatari ya homa ya ini na virusi vya UKIMWI kama damu nyingine yoyote, inahitaji ridhaa ya mama, glavu, na njia sahihi ya kuteketeza. Kwa somo la kufunga na kutunza hakuna sababu ya kwenda huko, kitovu cha fundi kinatosha.

---

fundi_wa_mazoezi

Daktari nimepokea, naweza kupunguza kwa kushusha chupa mpaka sentimita 20 hivi kwa zoezi la pili, kitavuja polepole chini ya kitambaa bila kuonekana. Wafunge, wafunike, wakae dakika kumi wafunue. Nadhani hilo ndo zoezi lenyewe hasa.

---

msoma_kale

Naomba niingize kitu, huwa nasoma historia ya ukunga. Ufaransa karne ya 18 kulikuwa na mkunga anaitwa Angélique du Coudray, mwaka 1759 mfalme Louis XV alimpa kibali azunguke nchi nzima kufundisha wakunga wa vijijini, wengi wao hawajui kusoma. Alishona mwenyewe nyonga ya mama na mtoto kwa kitambaa, ngozi na pamba, na kila mwanafunzi alirudia kwa mikono yake. Kimoja kimebaki mpaka leo kwenye makumbusho ya Rouen. Watu walicheka kwamba ni mwanasesere, ila aligundua kwamba maneno matupu hayafiki kwenye vidole. Mwalimu usione aibu kuwa na kifaa cha kushona.

---

nesi_vichanga

Hii sikuijua, asante.

Kwa upande wa kununua maana mwalimu aliuliza na hatujamjibu, kama mfuko unaruhusu angalia mdoli wa NeoNatalie wa Laerdal, kampuni ya Norway. Ilitoka 2010 pamoja na mafunzo ya Helping Babies Breathe. Unaijaza maji inapata uzito wa kichanga na inalegea mikononi kama mtoto wa kweli, na kuna kibofu cha mpira unabonyeza kitovu kinadunda. Ilitengenezwa hasa kwa kufundisha kusaidia mtoto kupumua lakini ule mdundo una faida kwenye kitovu pia, wanafunzi wanajifunza kutokukimbilia kukata, mtoto anayelia vizuri unasubiri angalau dakika moja mpaka tatu ndo unabana. Saa ya ukutani na kitovu kinachodunda kwenye vidole, dakika moja inakuwa ndefu sana kwa mtu mwenye klampu mkononi, wacha waihisi. Ila haitavuja fundo likilegea na haitafika siku ya tatu, kwahiyo vitovu vya kutengeneza bado utavihitaji.

---

mwalimu_vitendo

Wadau narudi na majibu baada ya wiki tatu, maana sipendi mada ya mtu anayeuliza akapotea.

Tulitengeneza vitovu 20 vya fundi, wanafunzi wenyewe ndo waliviunda na hilo peke yake lilikuwa somo, hakuna atakayesahau tena mishipa ni mingapi na upi ni mpana baada ya kuiingiza kwenye kondomu kwa vidole vyake. Chupa sentimita 60, raundi ya kwanza. Zaidi ya nusu walivuja. Na hao ni watu ambao nilishawapa tiki. Kilikuwa kimya cha namna yake chumbani, matone yanadondoka kwenye beseni na kila mtu anaangalia la kwake. Sikutoa maksi siku hiyo, tulikaa tukaongea nini kimetokea kwa kila mmoja, nilichokuta ni kwamba wengi wanafunga fundo la kwanza wakiwa wameshika kitovu kwa kukivuta, wakiachia kinarudi kunenepa na uzi unakaa vibaya, wengine glavu imelowa uzi unateleza kabla ya fundo la pili. Hakuna hata moja kati ya hayo lingeonekana kwenye mpira mkavu.

Raundi ya pili tulishusha chupa kama mlivyosema na kufunika kitambaa. Yule binti alikuwepo. Alifunga, akafunika, badala ya kukaa dakika kumi akafunua ya pili, akafunua ya tano, akaona doa dogo akaweka fundo lingine chini ya lile la kwanza bila kuambiwa na mtu. Mikono ilikuwa inatetemeka kidogo ila alifanya.

Vitovu vya siku tofauti tumefikisha vinne, cha siku ya nne kilinisumbua, ule utelezi niliutengeneza kwa vaselini na rangi ya njano kidogo unafanana. Ngozi tumetengeneza za rangi tatu. Trei hiyo sasa inakwenda wodini kila asubuhi, mama pacha hili ni lako, akina mama wanashika wenyewe, wanakunja nepi kwenye mdoli, alafu mwanafunzi anawauliza "hiki kikiwa hivi utafanya nini" na wanajibu wao. Mmoja alishika kile cheusi cha karibu wiki akauliza kama ni kweli hakivutwi, akarudia kuuliza, nikajua alikuwa ameshapanga kukivuta.

Kinachonishinda ni kile kifuko cha joto chini ya ngozi ya ugonjwa, kinapoa kabla hata wanafunzi wawili hawajapita. Nesi mnafanyaje?

---

nesi_vichanga

Nimefurahi mpaka basi mwalimu. Kifuko tumia viwili, kimoja kinakaa kwenye chupa ya chai yenye maji ya moto wakati kingine kiko kazini, unabadilisha kila mwanafunzi. Pima kwanza kwa ndani ya kiwiko chako kisizidi, kiwe joto la homa tu sio la kuunguza. Na kipande cha ngozi juu yake kifanye chembamba, chetu mwanzoni kilikuwa kinene joto likawa halipiti.